Nimetoa treki 24 nikamtumia fundi, zikakataa kukaa pamoja. Nimekosea wapi?

*"Habari mwalimu. Nina studio ndogo ya nyumbani hapa Nyalenda, Kisumu, natumia programu ya muziki ya FL Studio. Nimerekodi benga ya dakika 4 na sekunde 10 yenye treki 24: ngoma nilizozipiga kwa vidole kwenye pedi, besi, magitaa matatu, orutu (fidla yetu ya uzi mmoja), sauti kuu na waitikiaji. Hatukutumia metronomu, ile ya kuhesabu mapigo. Fundi wa kumiksi yuko Nakuru, akaniambia nimtumie treki moja moja. Nilizima zote, nikawa nafungua moja, naitoa, naizima, nafungua nyingine. Kwa sababu ya bando nilitoa ngoma na besi kwa WAV, zilizobaki MP3 ya 320, na kwa waitikiaji nikakata ukimya wa mwanzo ili faili liwe dogo. Sasa fundi anasema waitikiaji hawajui waingie wapi, magitaa yamelegea nyuma ya ngoma, na kila kitu kinawaka nyekundu. Kwangu wimbo unasikika sawa kabisa! Rafiki mmoja ananiambia nitume FLP tu, yaani faili la mradi wenyewe, mwingine anasema nitoe zote kwa 96 kHz ndiyo kwoliti. Halafu fundi anataka Sh2,000 zaidi za kupanga mafaili. Nifanye nini, na hizo pesa ni halali?"*

Pole ndugu yangu. Nianze na hilo la "kwangu unasikika sawa", kwa sababu ni kweli. Wimbo wako hauna ubaya wowote. Kilichoharibika ni safari ya kutoka Nyalenda hadi Nakuru, na katika safari hiyo makosa matatu yamepanda boda moja. Waitikiaji wamepotea kwa sababu moja, magitaa yamechelewa kwa sababu nyingine kabisa, na wekundu una sababu yake. Fundi akiyataja kwa pumzi moja unadhani ni ugonjwa mmoja, unaanza kutafuta dawa moja, na ndipo marafiki wanapokuja na FLP na 96 kHz. Tuyashushe moja moja.

Waitikiaji kwanza. Ndani ya FL Studio wamekaa mahali pao kwa sababu mradi wenyewe unakumbuka: kipande hiki kianze sekunde ya 47, kile sekunde ya 93. Ukikitoa kama faili la sauti, kumbukumbu hiyo hubaki nyuma kwenye mradi. Faili la sauti ni mfululizo wa namba tu, namba 44,100 kwa kila sekunde upande wa kushoto na nyingine 44,100 upande wa kulia. Linajua lenyewe linaanza na kuisha vipi. Halijui lilikuwa linakaa wapi ndani ya wimbo. (Ipo WAV ya watu wa redio na filamu inayobeba muhuri wa saa, lakini usiitegemee, programu nyingi hazijisumbui kuusoma.) Kwa hiyo ule ukimya wa sekunde 47 uliouona kama hewa ya bure ndio uliokuwa anwani ya waitikiaji. Umeukata, na sasa wako kama wapiga isukuti waliofika matangani kila mmoja na boda yake: ngoma wanazo, mikono wanayo, ila hakuna anayejua wenzake wamefika ubeti gani.

Mimi mwenyewe nimewahi kulipa karo ya somo hili. Nilikuwa bado mgeni kwenye kazi nilipotuma treki za kwaya moja ya Kakamega kwa fundi wa mbali, sauti ya pili nikiwa nimeikata ukimya vilevile. Fundi hakuuliza. Alikisia, akaiweka pigo moja mbele, na kwa kuwa korasi ilikuwa ya maneno yanayojirudia, ikasikika kama mtindo tuliouchagua. Nami nikaipitisha! Aliyegundua ni mama mmoja wa kwaya, CD zikiwa zishachomwa zote, akauliza kwa upole kabisa: "Mbona sisi wa alto tunakimbia?"

Na wewe una tatizo ambalo kwaya ile haikuwa nalo. Hamkutumia metronomu. Muziki uliofungwa kwenye gridi (mistari ya mapigo yaliyo sawasawa), fundi mwenye subira anaweza kuusukuma hadi mistari ilingane. Benga inayopigwa kwa mkono haina gridi. Inaanza na mwendo wake, na ikifika pale gitaa la solo linaposhika usukani mwishoni kila mtu anaongeza kasi kidogo bila kuambizana. Hilo si kosa, ndiyo utamu wenyewe. Ila maana yake ni kwamba hata ukimwandikia fundi mapigo ya wimbo kwa dakika, ile namba haitamsaidia kumrudisha mtu mahali pake. Kitu pekee kinachoshikilia benga yako pamoja ni kwamba kila faili limeanza kuhesabu kutoka sekunde ileile.

Ndiyo kanuni, na ukisahau mengine yote usisahau hii: kila treki itolewe kutoka mwanzo kabisa wa wimbo hadi mwisho kabisa, hata kama mwenye treki anapiga tarumbeta mara moja tu dakika ya tatu. Mafaili yote 24 yawe na urefu uleule. Fundi anayabwaga yote kwenye alama ya sifuri na wimbo unajipanga wenyewe.

Sasa magitaa. Hayo hukuyakata, yalianza sifuri kama ngoma, na bado yamechelewa. Hapa mkosaji ni MP3, na si kwa sababu ya kwoliti ambayo watu huilalamikia. MP3 hukata sauti vipande vipande vya sampuli 1,152 (sampuli ndizo zile namba), na ili mashine yake ipate pa kuanzia huweka ukimya kidogo mbele ya sauti halisi. Kuandika na kufungua vikijumlishwa, ukimya huo mara nyingi hufika sampuli elfu moja na kitu, yaani karibu milisekunde 25. Programu nyingine husoma alama iliyoachwa ndani ya faili na kuuondoa, nyingine hazifanyi hivyo. Laiti ungetoa zote 24 kwa MP3, zingechelewa pamoja na usingejua. Wewe ulichanganya: ngoma na besi WAV zisizochelewa, magitaa na orutu MP3 zinazochelewa.

Milisekunde 25 ni nini? Kwenye hotuba si kitu. Lakini chukua wimbo wa mapigo 130 kwa dakika: robo ya pigo, ile noti fupi ambayo gitaa la benga huitafuna bila kupumzika, ni milisekunde 115 hivi. Umerudisha gitaa nyuma zaidi ya moja ya tano ya noti yake. Mtu hatakuambia "imechelewa". Atakuambia "imelegea", neno lilelile la fundi wako. Ana sikio zuri huyo.

MP3 ina dhambi nyingine ambayo ni ya kimyakimya. Hupunguza uzito kwa kutupa kile sikio lisichokitambua kwa sababu kimefunikwa na sauti kubwa iliyo karibu. Ukisikiliza tu, mpango huo ni wa busara. Kwa fundi wa kumiksi ni balaa, kwa sababu kazi yake ni kufunua: anapunguza besi ya gitaa, anapandisha mikwaruzo ya upinde wa orutu, anavuta juu zile pumzi za mwimbaji. Akifunua anakuta mashimo. Na usijaribu kuigeuza MP3 iwe WAV ukadhani umemponya mgonjwa. Kuhamisha chai kutoka kikombe hadi ndoo hakuongezi majani.

Najua utaniuliza bando. Ni swali la haki, maana hesabu ni hii: WAV ya biti 24 (upana wa kila namba), 44.1 kHz (zile namba 44,100 kwa sekunde), stirio, kwa wimbo wako ni megabaiti 66 kwa treki moja. Mara 24 ni gigabaiti 1.6. MP3 ya 320 ni megabaiti 10 kwa treki. Naelewa kabisa kilichokusukuma.

Jibu lako ni FLAC, na nashangaa jinsi ambavyo prodyuza wengi wa kwetu hawaigusi wakati iko palepale kwenye menyu. FLAC hubana bila kutupa chochote. Ikifunguliwa, kila namba inarudi kama ilivyokuwa, na hakuna ukimya unaoongezwa mbele. Lakini uzuri wake kwako ni mambo mawili mahsusi. La kwanza, ukimya haubebi uzito. Zile sekunde 47 ulizozikata ili kuokoa bando, kwenye FLAC huchukua nafasi ndogo mno, kwa sababu kuandika "hapa ni sifuri tupu" ni kazi fupi. Kanuni ya kutoa kila treki toka mwanzo haikugharimu kitu tena. La pili, treki iliyorekodiwa kwa maiki moja, kama orutu yako au sauti kuu, ukiitoa stirio ina kushoto na kulia vinavyofanana. FLAC hutambua kwamba upande wa pili ni nakala na karibu huuandika bure. Kwa hiyo huna haja ya kukaa ukipanga ipi mono na ipi stirio. Kwa mradi kama wako, wenye waitikiaji wanaoingia na kutoka, sitashangaa zote 24 zikikaa kwenye megabaiti 600 au 700. Muulize tu fundi kama programu yake inafungua FLAC. Isipofungua, Audacity ni ya bure na itamgeuzia ziwe WAV bila kupoteza hata tone.

Twende kwenye wekundu, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo penye imani potofu nyingi.

Ukifungua mradi mpya wa FL Studio kwa kiolezo chake cha kawaida, kwenye Master, treki ya mwisho ambapo nyingine zote hukutana, tayari kuna limita iitwayo Fruity Limiter inakusubiri. Wengi hawaijui, wengine huongeza ya pili juu yake. Kazi ya limita ni kusikiliza jumla ya wimbo na kuubana pale unapotaka kuvuka dari. Zingatia hilo neno jumla. Wimbo wote unapocheza, teke la ngoma linapogonga limita inashusha kila kitu kwa kitambo kidogo, gitaa nalo likishuka, kisha linainuka tena. Ile hali ya wimbo kupumua ambayo umeizoea na kuipenda imetoka hapo. Sasa ulipozima treki zote ukaacha gitaa peke yake, gitaa lilipita kwenye limita bila ngoma ya kulisukuma, likatoka na ukubwa wake wote. Ngoma nayo ikatoka peke yake na yake. Umepata mafaili 24 ambayo kila moja liliambiwa chumba ni chake. Ukiyajumlisha hayarudi kuwa wimbo wako, na hayawezi.

Yakijumlishwa yanafanya nini? Treki 24 zisizofanana zenye nguvu sawa zikikutana, jumla hupanda karibu desibeli 14 juu ya moja. Kama kila moja tayari inagusa dari, mita ya fundi itawaka nyekundu kabla hajafanya lolote. Hapo anaweza kushusha fada zake (vile vitelezi vya ukubwa wa sauti), hilo ni rahisi. Asichoweza ni kurudisha vichwa vilivyokatwa. Ndani ya programu hesabu hufanywa kwa namba zenye nafasi kubwa mno, hivyo treki ikipita desibeli sifuri, yaani dari, kwenye miksa yako hakuna kinachovunjika. Lakini faili la biti 16 au 24 lina dari la saruji pale sifuri: kila kilichozidi hukatwa bapa, na bapa hilo ndilo mkwaruzo utakaousikia milele.

Kwa hiyo zima kila kilichoko kwenye Master. Chagua fada zote kwenye miksa uzishushe pamoja kwa kiasi kilekile, ili uwiano usibadilike, hadi vilele vya treki kubwa viwe karibu desibeli -6. Usihangaike kwamba zinasikika ndogo. Biti 24 zina upana wa desibeli 144 kwenye karatasi, maana kila biti huongeza kama 6. Hata ukiacha desibeli 12 bila kutumia, kelele ya feni ya kompyuta yako iliyoingia kwenye maiki ni kubwa kuliko chochote kilicho chini kule. Na kitufe chochote kilichoandikwa "normalize" kiogope. Kitapandisha kila faili hadi darini, na ule uwiano uliokesha ukiutafuta, orutu iwe chini ya sauti na juu ya gitaa la ridhimu, unafutika kwa mbofyo mmoja.

Rafiki wa 96 kHz ana nia njema. Lakini sampuli 44,100 kwa sekunde zinabeba sauti hadi hezi 22,050, na sikio la binadamu likiwa changa linafika 20,000 hivi. Kama mradi wako ulirekodiwa kwa 44.1, kuutoa kwa 96 ni kuomba programu ikisie namba za katikati, na mafaili yanakua zaidi ya mara mbili. Toa kwa kiwango kilekile ulichorekodia. Kama ulirekodi kwa 48, toa 48, na umwambie fundi, kwa sababu faili la 44.1 likisomwa kana kwamba ni 48 linapanda sauti karibu noti moja na nusu ya kinanda na wimbo wako unaisha sekunde 20 hivi kabla ya wakati. Utamsikia mwimbaji wako kama kifaranga.

Rafiki wa FLP naye hajakosea kabisa. FLP ni karatasi ya maagizo, haina sauti ndani. Inasema chukua sampuli fulani (hapa ni kipande cha sauti) kutoka folda fulani, ipitishe kwenye plagini fulani, yaani programu ndogo ya ala au madoido. Fundi asipokuwa na folda hiyo wala plagini hiyo anafungua nyumba isiyo na samani. Ile njia ya kufunga mradi pamoja na sampuli zake kwenye zipu inasaidia upande wa sampuli, plagini haziingii. (Sitakuuliza plagini zako umezipata wapi. Fundi naye hatakuuliza, lakini pia hatazipakia kwenye mashine inayomlisha.) FLP inafaa kama nyote wawili mnatumia FL Studio na plagini zake za ndani tu. Mkiwa hivyo, itume kama nyongeza, si badala.

Swali ambalo hukuuliza, na fundi atakuuliza: mwangwi na madoido mengine yabaki au yatoke? Hapa mafundi hawakubaliani, nami nitakupa msimamo wangu. Doido lililo sehemu ya chombo libaki. Kama gitaa la solo lina ile ekoo iliyomfanya mpigaji apige alivyopiga, ukiiondoa unabaki na mtu anayepiga nusu ya anachokisikia. Mwangwi uliouweka kwenye sauti kuu ili tu ipendeze kwenye hedifoni zako uondoe, kwa sababu fundi hawezi kukausha kilicholowa, ila kulowesha anaweza. Kompresa (ya kubana ukubwa wa sauti) na ikyu (ya kupunguza au kupandisha besi na kali) za kusahihisha kwenye sauti, ziondoe pia. Ukiwa na wasiwasi, toa sauti kuu mara mbili, kavu na yenye madoido, uandike wazi ipi ni ipi. Auto-Tune, ile ya kunyoosha noti za mwimbaji, ifuate mtindo huohuo. Wengi hutuma iliyotunwa pekee, kisha fundi anakuta neno moja limepindishwa vibaya na hana ya asili ya kurudia.

Sasa kazi yenyewe, na kwenye FL Studio ni fupi kuliko ulivyofanya wewe usiku kucha. Hakikisha kila chombo kina treki yake kwenye miksa, na ipe jina pale pale: 01_Teke, 05_Besi, 07_Gitaa_Solo, 12_Orutu. Majina hayo ndiyo yatakayokuwa majina ya mafaili. Ukiyaacha "Insert 7", fundi atakuchukia kwa sababu ya haki. Kwenye pleilisti, sogeza wimbo mzima mbele kwa baa moja (fungu la mapigo, si ile ya bia) ili pumzi ya kwanza ya mwimbaji isikatwe. Kisha nenda File, Export, chagua FLAC. Kwenye dirisha linalofunguka: wimbo wote badala ya patani, biti 24, mkia uwekwe "Leave remainder" ili ekoo ya mwisho ife yenyewe, uondoe alama kwenye "Enable master effects", uweke alama kwenye "Split mixer tracks". Bonyeza kuanza, nenda ukanunue chapati. Ukirudi kila treki iko kwenye faili lake, zote toka sifuri. Reaper ina kitu hichohicho kwa jina la "Stems", Ableton Live inakiita "All Individual Tracks". Hakuna programu kubwa leo inayokudai uzime na kuwasha mara 24.

Mtego mmoja tu. Kama ngoma zako zinapita kwenye treki ya kundi kabla ya kufika Master, utapata faili la teke, faili la sneya, na faili la kundi lenye teke na sneya tena. Fundi akipakia yote, ngoma zinalia mara mbili. Tuma zile moja moja, lile la kundi liache nyumbani, au umwambie.

Kabla hujatuma, jaribu. Hili ndilo ningetamani mtu angenionyesha kabla ya ile CD ya Kakamega. Toa kwanza wimbo wako mzima kama faili moja, madoido ya Master yakiwa yamezimwa. Fungua mradi mtupu, ondoa limita yake, buruta mafaili yote 24 hadi alama ya sifuri, fada zote zikiwa mahali pake pa kawaida. Cheza. Ukisikia wimbo wako, umefika robo tatu ya njia. Kisha leta lile faili la wimbo mzima, liweke kwenye treki yake na ubonyeze kitufe cha kugeuza poleriti kwenye miksa. Kitufe hicho hugeuza kila mlima wa wimbi kuwa bonde. Sasa cheza vyote pamoja. Milima ya upande mmoja inajaza mabonde ya mwingine, na kama mafaili yako yamekamilika utasikia ukimya. Mara ya kwanza inatisha: mita 25 zinaruka juu na chini, Master imelala bapa kama ziwa kule Dunga kabla ya mapambazuko.

Na kama si ukimya, kinachobaki kinakutajia jina la kosa. Ukisikia sneya peke yake, ama umeisahau ama umeitoa mara mbili. Ukisikia mwangwi tu, faili la mwangwi halimo. Kuna plagini za korasi na sinthi zinazocheza tofauti kidogo kila zinapotolewa, hizo zitaacha mnong'ono, usiogope. Mnong'ono ni sawa, chombo kizima si sawa.

Kutuma: weka mafaili kwenye folda moja, pamoja na MP3 ya miksi yako ya nyumbani ikiwa na limita yake. Hiyo MP3 ni ramani, fundi ataisikiliza ajue unataka kuelekea wapi. Ongeza kijifaili cha maandishi chenye kiwango cha sampuli, na kwamba hakuna metronomu. Funga zipu. Zipu haitaipunguza FLAC, ni ya kuzuia faili moja lisipotee njiani. Ukitumia WhatsApp tuma kama dokyumenti. Bando likigoma, ingia cyber yenye faiba, au weka kwenye flashi na uipeleke ofisi ya parseli ya basi linalopita Nakuru. Sicheki, nimefanya hivyo mara nyingi. Baki na nakala.

Kuna hali ambapo maelezo yangu hayatoshi na unahitaji mtu akae nawe kitini. Ukiona kwamba hata ndani ya mradi wako gitaa liko nyuma ya ngoma, basi kuchelewa kuliingia siku ya kurekodi, kwenye saundikadi, na kunahitaji kupimwa kwa kifaa chako chenyewe. Ukisikia mvumo mzito usioisha chini ya orutu, huo huenda ni umeme wa hezi 50 kupitia waya au soketi isiyo na athi. Mwite fundi stima kabla ya fundi muziki. Na kama orutu na ngoma za mkono zilirekodiwa chumba kimoja, kila maiki ikimsikia mwenzake, panda matatu hadi Nakuru ukae naye siku moja mkisikiliza pamoja. Maamuzi ya namna hiyo hayafanyiki kwa ujumbe wa simu.

Kuhusu Sh2,000. Kama ameshakaa alasiri nzima akitafuta mahali pa waitikiaji wako, mlipe, ni kazi na si yake. Kama bado hajaanza, mpigie simu leo, mwambie: "Fundi, zifute zote, nakutumia nyingine Jumamosi, zote toka sifuri, FLAC, Master tupu." Nadhani hizo elfu mbili hatazitaja tena.